"WAPI?": KIUNGO KUTOKA PAMBIZONI MWA KITABU HADI MTANDAONI

Mwaka jana, mwezi ulipoandama tu, nilitupa kwenye kundi letu la simu ujumbe mrefu wa fadhila za tarawehe: usiku wa kwanza utapata hivi, wa pili hivi, mpaka wa thelathini. Chini yake imeandikwa "wasambazie wenzako". Ustadh wangu wa zamani hapa Voi akanijibu neno moja: "Wapi?" Nikatafuta mpaka wakati wa daku. Kitabu sikupata, mlango wala nambari. Baadaye ndipo nikajua mashekhe wengi wameshasema kwamba maneno yale ni ya kutungwa. Wallahi niliona haya.

Tena sisi wa madrasa swali hilo si geni kwetu. Chukua matini ya Abu Shujaa katika fiqhi ya Shafi. Ibn Qasim al-Ghazzi aliisherehesha. Kisha Sheikh Ibrahim al-Bajuri, aliyekuwa Sheikh wa Azhar kuanzia 1847 hadi alipofariki 1860, akaandika hashiya juu ya sherehe ile. Ukiifungua hashiya utakuta kila mara "qauluhu", yaani "kauli yake", halafu maneno mawili matatu ya mwenzake, kisha maelezo. Hayo maneno mawili matatu ndiyo kiungo! Yanakwambia: rudi pale, katazame mwenyewe kasema nini. Na katika chapa za zamani huna haja ya kwenda mbali, kwani vitabu viwili, hata vitatu, hukaa ukurasa mmoja, kimoja katikati na vingine pambizoni.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka 1945 Mmarekani mmoja, Vannevar Bush, aliandika juu ya mashine aliyoiita memex: meza ya kuhifadhia vitabu na barua, ambapo mtu angeunganisha ukurasa huu na ule, kisha akampa mwenzake njia hiyo aifuate. Mashine yenyewe haikujengwa. Ted Nelson akayapa maandishi ya namna hiyo jina la haipateksti mwaka 1965, na mwaka 1968 Douglas Engelbart akawaonyesha watu San Francisco kipanya na maandishi ya kubofya. Ndipo Tim Berners-Lee, mwaka 1989, akapeleka pendekezo lake kwa wakubwa wa CERN, Uswisi. Shida yake ilikuwa ya kawaida sana: watu wanakuja kazini, wanaondoka, na walichokijua kinapotea. Katika mtandao aliouunda, yeyote anaweza kuunga ukurasa wake na wa mwingine bila kuomba ruhusa. Ila ule ukurasa wa pili ukifutwa, kiungo kinabaki kinaelekea patupu. Watu wa Voi tunalijua hilo. Reli ya kwenda Taveta iliungwa hapa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na miaka mingi ilikaa bila treni.

Blogu zilikuja baadaye. Jina "weblog" alilitoa Jorn Barger mwaka 1997, na Peter Merholz akalikata likawa "blog" mwaka 1999. Zile za mwanzo nyingi zilikuwa daftari la wazi tu: kiungo, na chini yake maneno machache ya mwenye daftari. Kwangu mimi hiyo ni hashiya, hata kama wenyewe hawakujua. Kwa Kiswahili, miongoni mwa waliotangulia ni Mtanzania Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe.

Hapa kwetu Kenya daftari hizo zilipimwa kwa damu. Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Uvumi ukachukua nafasi ya habari, na uvumi wakati ule uliua. Mwanasheria Ory Okolloh alikuwa na blogu, Kenyan Pundit, na watu wakawa wanamletea waliyoyaona. Yakamzidi. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliomba wajuzi wa kompyuta watengeneze ramani, na katika siku chache Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaisimamisha. Wakaiita Ushahidi. Taarifa iliwekwa na mahali pake na siku yake, na waliweza kuilinganisha na habari nyingine. Ni lile lile swali la ustadh: wapi?

Simu zetu za leo zimelisahau swali hilo. Ujumbe unafika umekatwa kichwa na miguu, hujui nani kasema wala lini, na kidole kiko tayari kusambaza.

Ule wangu sikuufuta. Nimeandika chini yake kwamba hauna asili, na nikaeleza nilivyotafuta nikakosa. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshausambaza. Nimewaandikia mmoja mmoja, wanane wamejibu. Mmoja wao aliuliza na mimi hilo la kutungwa nimelitoa wapi, nikampelekea kitabu na ukurasa.