SWMM: Programu ya kuiga mafuriko ya Bwaise

Bwaise, mtaa wa tarafa ya Kawempe jijini Kampala, umo katika bonde la Lubigi na hufurika mvua kubwa inyeshapo. SWMM ni programu ya bure ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1971, ambayo hukokotoa safari ya maji ya mvua kutoka mapaani hadi mitaroni.

Ili kuiendesha ndani ya kihariri cha Visual Studio Code, kwanza husakinishwa lugha ya Python pamoja na kiendelezi chake. Kisha hufunguliwa folda ya kazi, na katika dirisha la amri huandikwa: python -m venv .venv. Mazingira hayo yakishachaguliwa kiharirini, amri ya pip install pyswmm hukamilisha kazi.

Faili ya .inp hubeba takwimu za mvua, ardhi na mitaro. Humo, FLOW_UNITS iandikwe CMS. Ikibaki CFS, mtaro wa mita 2 utasomwa kuwa wa futi 2. Aidha, ripoti ikionyesha kosa la mlinganyo wa maji linalozidi asilimia 10, matokeo yasiaminiwe. Hesabu hizo ndizo zinazoongoza upana wa mtaro. Ukiwa mwembamba, maji huingia nyumbani mwa watu.