Elimu ya Nyota na Hoja ya Bahati katika Historia ya Polinesia
Mwaka 1956, Andrew Sharp alidai kuwa visiwa vya mbali vya Polinesia vilifikiwa kwa bahati tu, na mabaharia waliopotezwa na pepo. Hoja hiyo ilipuuza elimu ya anga ya wenyeji. Huko Hawaii, kuchomoza kwa Kilimia jua likitua kulifungua majira ya Makahiki, na kila usiku wa mwezi mwandamo ulikuwa na jina lake. Mwaka 1976, mtumbwi wa matanga Hōkūleʻa ulifika Tahiti kutoka Hawaii bila dira. Rubani wake, Mau Piailug, alitoka Satawal, Mikronesia, kwa kuwa Hawaii ilikuwa imekwisha kupoteza wajuzi wa kazi hiyo. Kwa hiyo, safari hiyo haithibitishi kila simulizi ya kale. Inathibitisha kwamba safari ya makusudi iliwezekana, hivyo simulizi hizo zastahili kupimwa kama ushahidi.