Karatasi ya sita: jinsi kura ya wadi ilivyofika Kamere

Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, mpiga kura wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, alikabidhiwa karatasi sita. Ya rais ilikuwa sawa nchi nzima, ya gavana, ya seneta na ya mwakilishi wa wanawake zilikuwa sawa Kaunti nzima ya Nakuru, na ya mbunge ilikuwa moja Naivasha yote. Ni ile ya rangi ya mchanga tu, ya mwakilishi wadi, iliyokuwa na majina ambayo mtu wa Mai Mahiu hakuyaona kamwe.

Karatasi hiyo imechukua muda mrefu kufika huku. Baada ya Tume ya Feetham ya 1926 na 1927, serikali ya kikoloni iliwapa walowezi wa Bonde la Ufa halmashauri zao za wilaya, Naivasha ikiwemo. Waafrika walioishi kwenye maeneo yaliyotengwa kwa makabila yao walikuwa na mabaraza yao, chini ya jicho la mkuu wa wilaya. Kibarua wa shamba la mlowezi alikosa kote kuwili: halmashauri haikuwa yake, na baraza lilikuwa la kwao alikotoka. Tatizo hilo, kama tutakavyoona, halijaisha.

Baada ya uhuru madiwani walichaguliwa kwa wadi, lakini sheria ya 1969 ikazinyang'anya halmashauri za kaunti shule za msingi, afya na barabara. Diwani akabaki na eneo bila mfuko. Meya naye alichaguliwa na madiwani wenyewe, mambo yakamalizwa mezani. Kisha ukaja mlolongo wa 1988, ambapo wanachama wa chama tawala, KANU, walipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea. Kwa mtu anayekaa nyumba ya mwajiri, foleni ya hadharani si kura, ni mtihani wa utiifu.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hesabu. Kila wadi humchagua mtu mmoja wa kuingia bunge la kaunti. Wadi ni 1,450 nchini, 55 ziko Nakuru, na nane kati ya hizo ni za Naivasha. Kama wote 55 wangechaguliwa na kaunti nzima, kura za sehemu nyingine za kaunti zingetosha kuijaza orodha kabla mgombea hajafika barabara ya Moi South Lake huku Naivasha.

Haya si mawazo matupu. Jijini Mobile, Alabama, Marekani, tangu 1911 makamishna watatu walichaguliwa na jiji zima. Weusi walikuwa takriban theluthi moja ya wakazi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushinda. Mahakama ya Juu iliubariki mpango huo 1980, Bunge likarekebisha sheria 1982, na 1985 Mobile ikahamia kwenye baraza la watu saba, kila mmoja na wilaya yake.

Wadi imempa mtu wa Kamere mheshimiwa wa kumshika shati: basari imechelewa, mulika mwizi imezimika, njia ya kufikia ufuo wa umma imefinywa. Huulizwa pia asiyoyaweza, maana yeye huipitisha bajeti tu, haitumii. Anayeitumia ni gavana, aliyechaguliwa na kaunti nzima. Hilo watu wengi husahau wanapomtupia mwakilishi wadi matusi.

Lakini mwenye sauti ni aliyejiandikisha. Wengi wa wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua wametoka Kakamega, Siaya au Nyamira, na wapo waliojiandikisha huko huko. Siku ya kura hupanda matatu kwenda nyumbani, na baada ya ghasia za uchaguzi zilizoikumba Naivasha Januari 2008, nani atawalaumu? Wanapanga chumba Kamere na kunywa maji ya Kamere, huku diwani wao yuko kilomita mia kadhaa. Sensa huwahesabu hapa. Debe huwahesabu kule.

Na mipaka yenyewe imezeeka. Wadi hizi zilichorwa 2012 kwa takwimu za sensa ya 2009. Sensa ya 2019 ilikuta watu 355,383 katika kaunti ndogo ya Naivasha. Katiba inataka mipaka ipitiwe kabla ya miaka 12 kupita. Muda huo uliisha Machi 2024, tume ya uchaguzi ikiwa haina kamishna hata mmoja.