Umeitishwa kopi ya kipande yenye muhuri wa loya? Soma hii kwanza

Umejaza fomu, kila kitu kiko fiti, halafu unaambiwa ulete kopi ya kitambulisho iliyothibitishwa. Unakimbia saiba, unapiga fotokopi, unatuma. Inarudishwa. Msee, shida si mtandao. Wanataka loya aangalie kipande chako halisi kwa macho yake, aandike kwa kopi kuwa ni nakala ya kweli, kisha atie sahihi, tarehe na muhuri wenye jina lake.

Uliza kwanza wanataka muhuri wa nani, maana hapa ndipo wengi huchoma doh. Kamishna wa viapo ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Yeye ndiye hukuapisha kwa afidaviti, na mambo mengi ya hapa Kenya huishia kwake. Notari pabliki naye ni wakili aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 5 au zaidi, na mara nyingi ndiye huitishwa kwa hati zinazoenda majuu. Benki ya ng'ambo ikisema notari, usiwapelekee kamishna. Nchi zingine zitataka pia hati ipitie Wizara ya Mashauri ya Kigeni, pale Nairobi.

Beba kipande chenyewe. Picha kwa simu haihesabiki, na abstrakti ya polisi inasema tu kuwa kimepotea. Hakuna loya wa maana atathibitisha kopi ya kitu hajaona.

Majina nayo! Kipande kina matatu, cheti cha KCSE kina mawili, tena yamepinduliwa. Hapo unahitaji afidaviti ya kusema huyo wote ni wewe. Usikubali kuuziwa "deed poll", hiyo ni ya mtu anayebadilisha jina kabisa.

Sasa tuongee kuhusu zile stoo za tao, droo imejaa mihuri na jamaa anakwambia, "Loya ametoka, lakini nitakugongea." Toka hapo mbio. Afidaviti lazima uapie mbele ya kamishna mwenyewe, na sheria inamtaka aandike ukweli kuhusu mahali na tarehe. Tena kughushi hati ni hadi miaka 3 ndani, na jina lililo kwa hiyo karatasi ni lako, si la jamaa wa stoo. Kumbuka sakata ya 2023 ya yule aliyedaiwa kujifanya wakili. Ingia tovuti ya LSK, andika jina lililo kwa muhuri, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Ni bure, dakika mbili hivi.

Bei huwa haifanani, so uliza kabla hujakaa kitini.

Na kabla muhuri haujagongwa, andika kando ya kopi, mbali na picha na namba: "Ya kufungua akaunti tu", pamoja na tarehe. Ukiandika baadaye, mtu atasema umeichezea.