Oili ya Injini: Imetoka Wapi, na Je, Yafaa Kubadili?



Gari linaloondoka Mnazi asubuhi huanzia kwenye joto la uwanda wa Umba, kwenye nchi ya mkonge. Halafu hupanda mlima, likapita Mlalo, na kufika Lushoto ambako mwezi wa Julai watu wanavaa makoti. Kutoka hapo huteremka tena kona kwa kona mpaka Mombo kwenye lami ya Tanga. Katika safari hiyo moja injini imepata joto, baridi, mzigo na mlima. Kinachoiokoa ni oili iliyomo ndani yake.

Swali linaloulizwa sana gereji ni hili: Kuna oili ya kawaida na kuna oili ya sintetiki. Je, gari lililozoea moja laweza kutiwa nyingine? Wapo wanaosema ati ukishatia sintetiki huwezi kurudi nyuma, injini itakufa. Wengine husema gari kuukuu likionja sintetiki litavuja kama chujio. Maneno haya hayakuzuka hivi hivi. Yana historia yake. Tuifuate, maana anayejua jambo lilikotoka hatishwi na uvumi, wala hamalizi fedha zake bure dukani.

Hapo zamani watu walilainisha magurudumu na mashine kwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Mmea mmojawapo twaujua sote: mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, unaoota hata kando ya majalala yetu. Mafuta yake ni mazito na hayakatiki upesi kwenye moto. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, ndege nyingi za vita zililainishwa kwa mafuta ya mbarika. Hata jina la Castrol, lililoanza kutumiwa mwaka 1909 na kampuni ya Mwingereza Charles Wakefield, limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Lakini mbarika una kasoro: ukichomwa muda mrefu huacha utomvu unaogandia pistoni.

Wakati huo oili ya ardhini ilikuwa imekwisha kuingia sokoni. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta Pennsylvania, Marekani, na miaka michache baadaye mafuta hayo yakaanza kulainisha mashine za mvuke. Hiyo ndiyo asili ya oili tunayoiita ya kawaida: mafuta ghafi yaliyosafishwa. Baadaye wahandisi wa magari wa Marekani, wanaojulikana kwa herufi SAE, walianza kuipanga oili kwa namba kufuata uzito wake. Namba 30 ni nyepesi, namba 40 ni nzito zaidi. Madereva wetu wakazizoea: trekta na lori la nchi ya joto hutiwa "arobaini".

Arobaini tupu ilikuwa na shida yake. Mnazi ilifaa, lakini asubuhi ya baridi huko juu iligeuka kama asali, ikachelewa kufika kwenye beringi za juu. Na injini huumia zaidi katika dakika zile za kwanza baada ya kuwashwa. Katika miaka ya 1950 zikaenea oili za namba mbili, kama 15W-40. Namba yenye W hueleza wepesi wake wakati wa baridi; ile ya pili hueleza uzito wake injini ikishapata moto. Kwa hiyo debe moja likafaa Mnazi na likafaa Lushoto.

Sasa sintetiki. Hii ilizaliwa na dhiki. Sisi watu wa Usambara tunajua jinsi vita inavyolazimisha watu kubuni. Pale Amani, katika Usambara ya mashariki, Wajerumani walikuwa na chuo cha utafiti wa kilimo tangu mwaka 1902. Manowari za Waingereza zilipofunga bahari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wataalamu wa Amani walitengeneza vitu vingi vilivyokuwa haviingii tena bandarini, pamoja na dawa ya kwinini. Katika Vita Kuu ya Pili Ujerumani ilibanwa tena. Haikuwa na mafuta ghafi ya kutosha, na oili ya kawaida iliganda kwenye baridi kali ya Urusi. Wakemia wake wakaunda oili kiwandani, wakiunganisha chembe zake kama fundi anayechagua matofali ya ukubwa mmoja. Baada ya vita oili za namna hiyo zikaingia kwenye injini za ndege za jeti, ambazo joto lake lingeunguza oili ya kawaida.

Kwenye magari ya watu wa kawaida sintetiki ilifika katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 Amsoil ya Marekani iliuza oili ya sintetiki iliyopasishwa kwa viwango vya magari, na Mobil 1 ikafuata katikati ya miaka hiyo. Huo ulikuwa wakati wa bei ya mafuta kupanda mara nne baada ya vita ya Mashariki ya Kati ya mwaka 1973. Wazee wetu wanaukumbuka: foleni kwenye vituo, na magari binafsi kukatazwa kutembea Jumapili mchana. Aliyepata oili aliitia bila kuuliza jina.

Hapa ndipo uvumi ulipozaliwa. Baadhi ya sintetiki za mwanzo hazikupatana na sili za mpira. Aina moja ya oili ilizivimbisha, nyingine ilizinyausha, na gari likavuja. Watengenezaji walirekebisha jambo hilo kwa kuchanganya aina hizo na kutia dawa zinazolinda sili. Kasoro ikaondoka, lakini hadithi ikabaki barabarani.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1999, huko Marekani, Mobil ililalamikia tangazo la Castrol, ikidai kuwa oili ile ni mafuta ghafi yaliyosafishwa sana na kwamba haistahili kuitwa sintetiki. Waamuzi wa matangazo wakakubaliana na Castrol. Tangu hapo madebe mengi yenye neno "sintetiki" yana mafuta yaliyoanzia kisimani. Ukuta kati ya aina hizi mbili si mrefu kama watu wanavyodhani.

Basi jibu ni hili, ndugu msomaji. Ndiyo, unaweza kubadili, kwenda na kurudi. Oili zilizopasishwa huchanganyika, na ukipungukiwa njiani huko Mlalo, kuongeza lita moja ya aina nyingine ni afadhali kuliko kuendesha na oili pungufu. Lakini shika haya:

Kwanza, fuata namba za kitabu cha gari. Gari dogo la Kijapani lililoundwa kwa 5W-30 lisitiwe arobaini tupu kwa kuwa tu ndiyo iliyopo dukani.

Pili, tazama herufi za daraja. S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata kadiri inavyokwenda mbele ndivyo daraja lilivyo jipya zaidi. Trekta la dizeli litafutie yenye C.

Tatu, injini kuukuu yenye masizi na sili zilizokakamaa yaweza kuanza kuvuja ukitia oili inayosafisha vizuri, kwa sababu uchafu ndio uliokuwa umeziba ufa. Badilisha sili kwanza. Kama inakula oili na kutoa moshi wa bluu, usipoteze fedha kwa sintetiki ya bei, tengeneza ringi.

Nne, ukirudi kwenye oili ya kawaida, rudisha pia muda mfupi wa kumwaga. Hapa ndipo wengi wanapoua injini, kwa kuhesabu kilometa za sintetiki huku ndani kuna oili ya kawaida. Na kila unapomwaga, badili filta.

Tano, oili chafu isimwagwe kwenye mfereji wa kumwagilia. Maji yale yale ndiyo yanayokwenda shambani.

Injini ikinoki wakati wa mavuno, mazao huozea barazani na mchuuzi hupanga bei apendavyo. Kabla ya kuwasha gari kesho, simama mahali palipo tambarare, chomoa kile kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, ukitazame tena. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili.