Eneo-kazi Lisilofungamana na Kiini: Asili ya Unyumbufu wa Linux

Sifa ambayo mafundi wa Linux huitaja mara nyingi, yaani uwezekano wa kutengeneza eneo-kazi lililoharibika bila kufuta mfumo mzima na kuusakinisha upya, haikubuniwa na Linux yenyewe, bali ilirithiwa kutoka kwa maamuzi yaliyofanywa katika maabara za Marekani miaka mingi kabla ya Linux kuzaliwa. Eneo-kazi ni ile sura ya skrini yenye madirisha, menyu na aikoni, ambayo mtumiaji wa kawaida huidhania kuwa ndiyo kompyuta yenyewe. Kwa mpangilio wa Linux, hata hivyo, hiyo ni programu tu kama zilivyo programu nyingine.

Mfumo wa Unix, ambao Linux iliundwa kwa kuufuata, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969, ulitumika kwa miaka mingi bila madirisha yoyote, kwa sababu watu waliuandikia amri kwenye mashine za teletaipu na kusoma majibu yaliyochapwa kwenye karatasi. Kutokana na hali hiyo, mipangilio ya mfumo iliwekwa katika faili za maandishi ya kawaida, ambazo mtu yeyote mwenye ruhusa angeweza kuzifungua, kuzisoma na kuzihariri. Madirisha yalipokuja, yaliukuta mfumo uliokamilika bila hayo, na hapo ndipo penye mzizi wa jambo zima.

Mwaka 1984, katika chuo cha MIT, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza kuunda mfumo wa madirisha ulioitwa X, ambao ulihitajika katika mradi wa Athena uliokuwa na mashine za watengenezaji tofauti zilizopaswa kutumiwa kwa namna moja. Waundaji wake walishikilia kanuni kwamba X itoe nyenzo za kuchora na kupokea mibonyezo ya kibodi, lakini isiamue madirisha yafananeje wala yapangweje. Kazi hiyo iliachiwa programu ya pekee, msimamizi wa madirisha, ambayo iliweza kuondolewa na kubadilishwa na nyingine huku programu za mtumiaji zikiendelea kufanya kazi. Toleo la 11 lilitoka mwaka 1987 na ndilo lililoenea duniani.

Linus Torvalds alipotangaza kiini chake huko Helsinki mwaka 1991, yaani ile sehemu ya ndani inayogawa kumbukumbu na kusimamia vifaa, hakuwa na eneo-kazi la kutoa. X ililetwa juu ya Linux mwaka uliofuata, na mradi wa XFree86 ukaitunza kwa ajili ya kompyuta za kawaida. Wanaousifu unyumbufu wa Linux leo husahau kwamba enzi hizo ulikuwa mzigo mzito: mtumiaji alilazimika kuandika kwa mkono, ndani ya faili ya mipangilio, masafa ambayo skrini yake ingeyastahimili, na nyaraka zenyewe zilionya kwamba namba zisizo sahihi zingeweza kuiharibu skrini. Uhuru wa kutengeneza ulikuja pamoja na wajibu wa kutengeneza, na wengi hawakuutaka.

Faida yake ilionekana pale mambo yalipokwama. Kwa kuwa kiini hutoa konsoli kadhaa za maandishi, ambazo kwa desturi hufikiwa kwa kubonyeza Ctrl, Alt na mojawapo ya vitufe vya F, skrini iliyoganda haikumaanisha kwamba kompyuta imekufa. Fundi aliweza kuingia kwa njia hiyo, kusoma kumbukumbu za matukio, kuizima programu yenye hitilafu na kuiwasha tena. Vilevile, mipangilio ya kila mtu ilihifadhiwa ndani ya saraka yake ya nyumbani, hivyo kufungua akaunti mpya ya majaribio kulitosha kuonyesha kama kosa liko kwa mtumiaji au kwa mfumo. Mwaka 2000 Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, Linux nzima inayowaka kutoka kwenye sidii bila kugusa diski ya ndani, na hata kompyuta isiyoweza kuwaka yenyewe ikapata mlango wa nyuma wa kuingiliwa na kurekebishwa.

Maeneo-kazi kamili ya Linux yalianza na KDE, iliyoasisiwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, ikifuatwa na GNOME mwaka 1997, iliyochochewa kwa sehemu kubwa na pingamizi dhidi ya leseni ya Qt, maktaba ambayo KDE iliitegemea. Ushindani huo uliacha desturi yenye manufaa: yote mawili yaliweza kukaa ndani ya kompyuta moja, na mtumiaji akachagua moja wakati wa kuingia. GNOME 3 ilipobadilisha sura yake mwaka 2011 na kuwaudhi wengi, walioipenda ile ya zamani walichukua msimbo wake, jambo ambalo leseni yake iliruhusu, wakauendeleza kwa jina la MATE.

Urithi huo sasa unapunguzwa. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili kuchukua nafasi ya X, kwa kawaida huunganisha seva ya skrini, yaani kazi iliyofanywa na X, na msimamizi wa madirisha kuwa programu moja, jambo linaloongeza usalama na ulaini wa picha, lakini katika GNOME programu hiyo ikianguka huangusha pia programu zilizofunguliwa. GNOME aidha huweka sehemu kubwa ya mipangilio yake katika hifadhidata isiyosomeka kwa kihariri cha maandishi. Hasara hizo ni za kweli, ingawa hazijafika kwenye msingi: konsoli za maandishi zingalipo, na eneo-kazi lingali programu inayoweza kuondolewa huku kiini kikiendelea kufanya kazi.