Nani Asahihishe? Makosa ya Kumbukumbu za Jinai kwa Waombaji wa Kibaha na Kisarawe

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Tangu hapo wapo wanasheria wanaoshikilia kwamba tatizo la mtu kubaki na doa la jinai asilostahili limepata dawa: anayeona taarifa zake zina kasoro aombe zirekebishwe, na akikataliwa apeleke malalamiko kwenye Tume. Makala hii inalipinga dai hilo. Haki ya kusahihishiwa ipo, tena ni haki ya maana. Ila imekabidhiwa mtu asiye na nyaraka, aidai kwa ofisi ambayo mara nyingi si chanzo cha kosa.

Kwa mkoa wa Pwani swali hili lina uzito wake. Viwanda vimejipanga kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kibaha, bandari kavu imejengwa Kwala, na kijana wa Maneromango au Mzenga, wilayani Kisarawe, anayetafuta kazi ya ulinzi, ya udereva au ya nyumbani huko Oman anaweza kudaiwa cheti cha tabia njema kutoka polisi. Kwa kazi nyingi za zamani barua ya mwenyekiti wa kijiji na mdhamini mmoja vilitosha. Barua ile ilikuwa na upendeleo wake, hilo halibishaniwi, lakini aliyeiandika alimjua mwombaji, na kama aliwahi kushtakiwa alijua pia kesi iliishaje. Cheti kinategemea kumbukumbu, na kumbukumbu haijui zaidi ya ilichoandikiwa.

Kwamba kumbukumbu hizi zinahitajika, sijui mwandishi makini anayebisha. Wala hakuna mgogoro juu ya Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba, inayokataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Mabishano huanzia kwenye alama za vidole, zinazomwunganisha mwombaji na kumbukumbu hizo.

Watetezi wa mfumo uliopo hupenda kusema kwamba alama za vidole hazidanganyi. Wapinzani wao hukimbilia kwa Brandon Mayfield, wakili wa Oregon aliyekamatwa na FBI mwaka 2004 kwa sababu alama iliyopatikana Hispania baada ya milipuko ya treni za Madrid ilisemwa ni yake, kumbe ni ya mtu mwingine. Mwaka 2006 serikali ya Marekani iliomba radhi na kukubali kumlipa dola milioni 2. Ni kisa kizito, lakini katika mjadala wetu kinapoteza shabaha. Pande zote mbili zinagombania kidole ni cha nani. Kidole hata kikitambuliwa bila kosa hakisemi kesi iliishaje. Alama huchukuliwa mwanzoni, mtuhumiwa akiwa mikononi mwa polisi. Matokeo huja baada ya miezi au miaka, tena kutoka mhimili mwingine wa dola. Makosa ninayoyazungumzia huzaliwa katika pengo hilo.

Shauri moja ambalo karibu kila Mtanzania mtu mzima analikumbuka linalionyesha pengo hilo kuliko nadharia yoyote. Tarehe 25 Juni 2004, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani mwanamuziki Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, pamoja na wanawe watatu, kwa makosa ya ubakaji na ulawiti wa watoto, ikawahukumu kifungo cha maisha. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ikatupa rufaa yao. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia huru wana wawili, lakini ikathibitisha hatia ya baba na ya Johnson Nguza, yaani Papii Kocha. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais John Magufuli akawasamehe hao wawili waliobaki gerezani. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikaamua kwamba katika mwenendo wa kesi ile baadhi ya haki zao zilikuwa zimekiukwa.

Tuliangalie jalada hili kwa jicho la karani. Watu wanne waliotiwa hatiani, hukumu moja ya awali, na ndani ya miaka 14 hadhi mbili tofauti kisheria. Wawili hawana hatia, nao wanapaswa kuonekana katika kumbukumbu kama watu ambao hawajawahi kutiwa hatiani katika shauri hilo. Wawili wengine wamesamehewa, na msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45, kwa ninavyouelewa, huondoa adhabu bila kusema kwamba mahakama ilikosea. Uamuzi wa Arusha nao unaongeza tabaka jingine, ambalo fomu yenye nafasi mbili tu, "ana kosa" na "hana kosa", haiwezi kulibeba. Hoja si kwamba kumbukumbu za watu hawa zina kasoro. Hoja ni kwamba kumbukumbu iliyoishia Juni 2004 ingekuwa ya uongo kwa wawili na pungufu kwa wawili, ilhali kila neno lililoandikwa siku ile lilikuwa sahihi.

Na hao walikuwa na mawakili, wakaandikwa magazetini nchi nzima. Mkulima wa Kisarawe aliyeshtakiwa kwa wizi wa korosho katika Mahakama ya Mwanzo hana gazeti. Rufaa yake hupanda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Kamanda wa Polisi wa mkoa yuko Kibaha, na kutoka Kisarawe mjini wengi hufika huko kwa kuzungukia Gongo la Mboto na Mbezi. Akitaka kuthibitisha kwamba alishinda rufaa, atafute nakala ya hukumu iliyothibitishwa, na kwanza akumbuke namba ya shauri. Na kama kesi ilifunguliwa Mahakama ya Wilaya, na upande wa mashtaka ukaiondoa kabla hajaitwa kujitetea, sheria inasema ameachiwa tu, na anaweza kushtakiwa tena. Kesi ikiondolewa baada ya yeye kuitwa kujitetea, ameachiwa huru kabisa. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mwajiri, lakini kitabuni hutegemea neno moja la mkono wa karani.

Kisha kuna majina. Pwani majina ni yale yale: Juma, Ramadhani, Shabani, Mohamedi, yakipangwa jina, baba, babu. Hati ya mashtaka huongeza lakabu baada ya alama ya @, na lakabu hiyo mara nyingi imetoka kwa mlalamikaji. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 ingeweza kumaliza utata huu, lakini namba isiyoandikwa kwenye hati ya mashtaka haimsaidii mtu.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito: kwamba mlango wa kusahihisha ukiwa mpana, wenye fedha watanunua usafi. Jibu langu ni kwamba kusahihisha si kufuta. Ingizo la zamani libaki, liambatane na lililolirekebisha, pamoja na jina la mahakama, tarehe na ofisa aliyehusika. Mwajiri asome lile la mwisho tu. Hili pia lisichanganywe na swali la kusahau makosa ya kweli baada ya muda, kama Uingereza ilivyofanya kwa sheria yake ya mwaka 1974, au Afrika Kusini inayoruhusu baadhi ya hatia kufutwa baada ya miaka 10. Huo ni mjadala wa huruma na sera. Huu wetu ni wa ukweli wa maandishi.

Pingamizi la pili, kwamba sheria ya mwaka 2022 inatoa msamaha kwa shughuli za kuzuia na kubaini uhalifu, linasomwa vibaya. Cheti cha tabia njema si upelelezi. Ni huduma anayoiomba mwananchi mwenyewe, akailipia, ili ampelekee mtu wa tatu. Kuiingiza ndani ya msamaha ule ni kumnyima haki mtu asiyechunguzwa na yeyote.

Dawa, basi, iwekwe mahali kosa linapozaliwa. Mahakama tayari inao mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri. Matokeo ya kila kesi ya jinai, ya rufaa na ya kuondolewa kwa mashtaka yapelekwe polisi na mahakama yenyewe, si na mshtakiwa. Cheti kitaje hatia zilizosimama pekee, na ingizo linalobishaniwa liwekwe alama hiyo mpaka lithibitishwe. Pengine kwa mashauri ya zamani yaliyomo katika rejesta za karatasi jambo hili litachukua miaka, na baadhi hayatapatikana kamwe; hayo nayo yasitumike dhidi ya mtu.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haihitaji kusubiri lolote kati ya hayo. Itoe mwongozo wa maandishi unaosema wazi kama cheti cha tabia njema kimo ndani ya msamaha wa sheria au kiko nje, ili mwombaji wa Kisarawe ajue kabla ya kupanda gari kwamba anakwenda kudai haki au kuomba hisani.